Kengele ya Shule Ngara Ifuate Jua la Ngara

Saa 12:00 asubuhi, mwezi Februari, Ngara ni usiku. Sisemi kuna wingu au ukungu, ingawa ukungu nao milimani kwetu haukosekani. Nasema ni usiku, nyota bado zinaonekana, na mtoto wa darasa la pili yuko njiani, ufagio mkononi na kidumu cha maji kichwani, anakimbilia namba ya kuwahi shuleni. Anakimbizwa na saa iliyopangwa kwa jua la mahali pengine, na sijaona mkubwa yeyote wa wilaya akilifanya hilo kuwa ajenda.

Nianze na hesabu, maana ukilalamikia asubuhi watu hudhani wewe ni mvivu. Tanzania inatumia saa ya Afrika Mashariki, iliyotangulia ile ya Greenwich kwa saa 3. Saa hiyo kwa haki ni ya mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita jirani kabisa na Mogadishu. Dar es Salaam iko nyuzi 39 na kitu, kwa hiyo hata wao wanapunjwa kidogo. Biharamulo iko nyuzi 31 na ushei, Ngara nyuzi 30 na nusu hivi. Mstari wa nyuzi 30, ambao ndio wa saa 2 mbele ya Greenwich, unapita Kigali. Kwa jua sisi ni majirani wa Kigali na Gitega. Kwa saa tumefungwa kamba moja na Mogadishu.

Matokeo yake ni haya. Mapema Februari jua linachomoza Dar es Salaam saa 12 na dakika 25 hivi. Ngara linachomoza saa 1 na dakika 5. Julai, shule zikiwa zimefunguliwa, bado tunaliona saa 1 ikiwa imeshapita. Nafuu huja Novemba, saa 12 na dakika 35, na nafuu yenyewe ndiyo hiyo. Saa yetu ya Kiswahili ilipangwa na watu wanaoamka na jua: kukikucha ni saa 12, mchana unaanza kuhesabiwa. Kwa Pwani hesabu hiyo inakubali. Kwa mtoto wa Kasulo au Nyakahura ni uongo anaoambiwa kila siku kwa mlio wa rimu ya gari iliyotundikwa mtini.

Jogoo wetu hawajadanganyika. Wanawika kwa kufuata jua la hapa, kwa hiyo mama akimsubiri jogoo amechelewa. Inambidi aamke kabla ya jogoo, saa 10:30 au saa 11:00 ya usiku, awashe moto kwa kupapasa, akoroge uji kwa tochi ya simu, apekue kona zote za nyumba akitafuta soksi ya pili. Sare iliyofuliwa jana bado ina unyevu, kwa sababu usiku wa milimani haukaushi kitu. Mtoto anabembelezwa anywe uji akiwa nusu usingizini, anakataa, anaondoka na njaa. Saa 4:00 mwalimu anashangaa kwa nini nusu ya darasa imelaza vichwa kwenye madawati.

Na simu nazo zimezidisha vurugu. Ukikaa Rusumo au Kabanga, simu yako inaweza kudaka mnara wa ng'ambo wakati umelala. Inakukaribisha Rwanda au Burundi ukiwa chini ya blanketi lako, Tanzania, kisha inajirekebisha na kurudi nyuma saa nzima, kwa kuwa Rwanda na Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja. Kengele uliyoitega saa 11:00 inalia saa 12:00. Ukimsimulia mtu wa Dar es Salaam anacheka mpaka machozi. Msafiri aliyelipia basi la alfajiri la kwenda Mwanza, akaamka akakuta limeshaondoka na nauli yake, hacheki. Mtoto aliyepigishwa magoti kwenye changarawe kwa kosa la mnara wa simu hacheki. Mipakani imekuwa kawaida watu wakipanga miadi kuulizana kwanza: saa zetu au saa zao? Kwenye kituo cha pamoja cha forodha cha Rusumo maofisa wa nchi mbili wanafanya kazi sehemu moja, saa zao zikipishana kwa saa nzima, na mizigo inapita. Watu wazima wamejua namna ya kuishi na jambo hili. Anayebebeshwa gharama ni mtoto.

Sasa vuka daraja la Rusumo uone wenzetu walivyofanya. Novemba 11, 2022, Baraza la Mawaziri la Rwanda liliamua kwamba kuanzia Januari 1, 2023 shule zianze saa 2:30 asubuhi na ofisi zianze saa 3:00. Sababu walizotoa ni ubora wa elimu na ustawi wa familia. Saa 2:30 ya kwao ni saa 3:30 ya kwetu. Mtoto wa Kirehe, ambaye anaweza kuuona moshi wa jiko la mtoto wa Rusumo, anaamka na jua, anakunywa uji akiwa macho, anatembea njia nzima mchana kweupe, na akifika kengele inalia jua likiwa juu kwa zaidi ya saa mbili. Wa kwetu, ng'ambo ya mto ule ule wa Kagera, wakati huo ameshakaa darasani vipindi kadhaa na alitoka nyumbani gizani. Watoto hawa jua lao ni moja, mvua yao moja, na wengi wanaelewana hata lugha ya nyumbani. Kilichowatenganisha ni maamuzi ya watu wazima, na watu wazima wa upande mmoja wamefikiri.

Nasikia jibu linalotolewa kila mara: nchi ni moja, saa ni moja. Sijaomba saa ya nchi ibadilishwe. Ningetaka kuiomba ningekuwa na mifano tele, kwa sababu saa si amri iliyoshuka kutoka mbinguni. Chini ya Mwingereza, Afrika Mashariki iliwahi kutumia saa zilizotangulia Greenwich kwa saa 2 na dakika 45, robo saa ikining'inia bila aibu. Samoa iliifuta Ijumaa nzima, Desemba 30, 2011, watu wakalala Alhamisi wakaamka Jumamosi, ili siku zao za biashara zilingane na za Australia na New Zealand. Korea Kaskazini ilirudisha saa nyuma kwa nusu saa Agosti 2015, ikairudisha mbele Mei 2018. Magazeti yaliandika hayo yote kama vioja vya dunia. Kioja kikubwa zaidi kiko kwetu, nacho hakiandikwi: wilaya inayoshindwa kusogeza kengele ya shule ya msingi hata kwa saa moja.

Mbona dini zimeweza? Mfungaji wa Ngara akifuturu kwa adhana ya redio ya Dar es Salaam, amefungua jua likiwa bado linawaka, na funga yake imeharibika. Kila mwislamu wa huku analijua hilo, na anafuata muda wa mahali alipo. Hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa kufanya hivyo amevunja umoja wa kitaifa. Mkulima wa kahawa na migomba anaingia shambani kukipambazuka, awe Rulenge au Bukoba, bila kuomba kibali kwa mtu. Ni shule peke yake inayojifanya iko Kariakoo.

Nataka tuzungumze wazi kuhusu giza lenyewe, maana wanaopanga ratiba hulitaja kama usumbufu mdogo. Barabara inayotoka Rusumo kupitia Benaco na Lusahunga hadi Nyakanazi ndiyo njia ya malori yanayopeleka mizigo Rwanda, Burundi na Kongo. Malori yale yaliyolala vituoni huondoka alfajiri. Dereva ana ukungu mbele ya kioo na taa za gari linalokuja machoni, na pembeni, pasipo njia ya waenda kwa miguu, kuna msururu wa watoto wa sare za bluu iliyokolea. Mchana ungewaona kutoka mbali. Saa 12:15 asubuhi unawaona ukiwa umewafikia.

Upande wa Biharamulo kuna msitu. Wakubwa wote wa huku wanakumbuka miaka ambayo mabasi hayakuruhusiwa kukatiza msitu ule bila kusindikizwa na polisi wenye bunduki, kwa sababu ya majambazi. Serikali ilikiri kwamba abiria hamsini ndani ya basi hawako salama msituni. Basi na leo itueleze kwa nini msichana wa darasa la sita, peke yake, kwa miguu, kwenye kichaka, kabla ya kupambazuka, anahesabiwa kuwa yuko salama. Wako wazazi wanaoishi jirani na mapori yaliyounganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na hao hawahitaji kusimuliwa habari za fisi. Anachojua mama anayesimama mlangoni akisikiliza nyayo za mwanawe zikipotea, hakuna mkuu wa idara aliyemwuliza.

Watasema mitihani ya taifa inaanza kwa wakati mmoja nchi nzima. Sawa, na siku za mitihani watoto wawahi, ni siku za kuhesabu kwa vidole katika mwaka. Watasema mtoto akichelewa kutoka atakosa muda wa kuteka maji na kumsaidia mzazi shambani. Hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu linasemwa na wazazi wenyewe. Lakini jua linalochelewa kutoka ndilo linalochelewa kuzama. Huku linazama kati ya saa 12:45 jioni na saa 1:15 usiku, kulingana na mwezi. Mtoto akiachiwa saa 10:30 jioni badala ya saa 9:30, bado ana saa mbili na zaidi za mwanga. Tumekuwa tukimwachia mwanga wa jioni na kumnyima wa asubuhi, wakati asubuhi ndipo njia zinapokuwa hazina watu.

Na wapo wanaosema sisi tulisoma hivyo hivyo tukafaulu. Waliofaulu ndio wanaosema. Walioacha shule darasa la tatu kwa kuchoka kuchapwa kwa kuchelewa hawakaribishwi kwenye vikao kutoa ushuhuda.

Tena kuna sehemu ya jambo hili ambayo haihitaji hata barua ya TAMISEMI. Kinachomtoa mtoto nyumbani mapema kuliko vyote si somo la hesabu, ni ufagio. Anatakiwa awe amefagia uwanja, amemwagilia maua, amedeki darasa, ndipo mwalimu wa zamu apige kengele ya mstarini. Kwa nini uwanja ufagiliwe gizani? Mtoto anafagia asichokiona, na vumbi lote anavuta yeye. Mwalimu mkuu akihamishia usafi baada ya masomo ya mchana, ameshamrudishia kila mwanafunzi karibu nusu saa ya usingizi, kwa gharama ya shilingi sifuri. Wako walimu ambao wangefanya hivyo kesho kama wasingeogopa mkaguzi kukuta jani uwanjani saa 1:00 asubuhi.

Nimeambiwa pia kuwa kubadili ratiba ya wilaya nzima ni kazi ngumu. Hii ni Ngara. Mwisho wa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia wilaya hii ndani ya muda wa siku moja hivi, na watu wa huku wakapangua kila kitu walichokizoea ili wageni wapate pa kulala na cha kula. Ni hapa hapa Rusumo ambapo nchi tatu zimejenga mtambo wa umeme wa megawati 80 kwenye maporomoko na kukubaliana kugawana. Kwa rekodi hiyo, mtu asiniambie kwamba kusogeza mkono wa mwalimu wa zamu kunatushinda.

Kwa hiyo waheshimiwa madiwani wa Ngara na Biharamulo, ombi langu ni hili, na nalitaka liingie kwenye makabrasha ya kikao kijacho cha baraza kabla ya kufika kwenye mengineyo. Mwanafunzi wa shule ya msingi asitakiwe kufika shuleni kabla ya saa 2:00 asubuhi, na kipindi cha kwanza kianze saa 2:30. Usafi uhamie mchana. Viboko na magoti kwa kuchelewa visitishwe mara moja, hasa Februari na Julai. Wakurugenzi wapeleke maombi TAMISEMI wakiwa na jedwali la macheo ya jua kwa miezi yote 12, ili asitokee mtu wa kusema huku tunapenda kulala. Na wenzetu wa Kigoma, ambao wako magharibi kuliko sisi na giza lao ni refu zaidi, waandike ya kwao yafike wiki ile ile.