Kofia ya Kamishna Yamtosha na Mama

Leo tuzungumzie jambo linalozitikisa nyumba nyingi hapa Moshi kila matangazo ya ajira za polisi yanapotoka. Binti anasema, "Mama, nataka kwenda CCP."

Baba hukunja uso. Bibi kule Marangu huuliza, "Sasa ataolewa na nani?" Majirani nao huongeza chumvi. Ajabu ni kwamba sisi ndio majirani wa chuo chenyewe. Shule ya Polisi Moshi imefundisha askari wa nchi nzima, wake kwa waume, na gwaride la kumaliza mafunzo tunalipigia makofi. Ila tunapenda liwe gwaride la mtoto wa mwenzetu!

Tuseme kweli, kazi hii ina gharama. Masharti ya kujiunga humtaka kijana asiwe ameoa wala kuolewa, na asiwe na mtoto. Baadaye kuna doria za usiku na uhamisho: leo Same, kesho Kigoma. Mume akihamishwa, mke hufunga mizigo akamfuata. Mke akihamishwa, mume huuliza, "Nani atanipikia?" Hapo ndipo wengi hukwama, wala si kwa kukosa uwezo. Ngazi yenyewe ni ndefu: konstebo, koplo, sajenti, mkaguzi, mrakibu, kamishna msaidizi, naibu kamishna, ndipo kamishna. Anayekataa uhamisho ili kuiokoa ndoa yake si rahisi akabidhiwe mkoa auongoze.

Hata hivyo wapo waliopanda. Suzan Kaganda aliongoza polisi wa Mkoa wa Tabora, kisha Mkoa wa Kipolisi Kinondoni jijini Dar es Salaam. Akafikia cheo cha Kamishna wa Polisi, akasimamia utawala na rasilimali watu ya jeshi zima, na baadaye akateuliwa Balozi wetu nchini Zimbabwe. Kwa jirani zetu Kenya, Grace Kaindi alishika unaibu Inspekta Jenerali mwaka 2013. Kwetu kiti cha juu kabisa bado: tangu Uhuru wa 1961 hadi kwa Camillus Wambura aliyeteuliwa Julai 2022, Inspekta Jenerali amekuwa mwanamume.

Je, hayo yanamhusu nini mama wa Kibosho au Rombo? Mfikirie msichana aliyebakwa. Zamani alisimama kaunta akieleza aibu yake mbele ya watu waliokuja kuwekea ndugu zao dhamana. Wengi walirudi nyumbani wakanyamaza, na wazee wakamaliza kesi kwa mbuzi na mbege. Mwaka 2007 polisi wanawake walianzisha mtandao wao, na baadaye yakaja Madawati ya Jinsia na Watoto, ambayo yamezidi 400 nchini. Lakini dawati si meza tu. Linataka chumba cha faragha, askari waliofundishwa, na usafiri wa kupanda mlimani kumfuata shahidi. Wanaogawa vitu hivyo ni wakubwa wenye vyeo. Kama mezani pao hakuna anayejua uchungu wa yule msichana, chumba chake kitageuzwa stoo.

Tusidhani pia kwamba kofia humfanya mtu malaika. Afrika Kusini ilimpa Riah Phiyega ukuu wa polisi mwaka 2012, mwanamke wa kwanza kuushika. Mwaka huohuo polisi waliwaua wachimba madini 34 huko Marikana, na mwaka 2015 alisimamishwa kazi baada ya ripoti ya uchunguzi. Mwanamke apewe cheo kwa kazi yake, na apimwe kwa mizani ileile anayopimiwa mwanamume. Hatuombi upendeleo. Tunaomba mlango usifungwe.

Basi binti akileta fomu, msimwulize kwanza habari za kuolewa. Mwulizeni kama ana afya, kama ni mwaminifu, na kama anaweza kukataa rushwa akiwa na njaa. Nanyi akina baba mnaosoma gazeti hili kwa kuazima, mkeo askari akipata uhamisho wa kupanda cheo, jifunze kupika ndizi. Bibi naye, akipenda, ashuke kutoka Marangu akae na wajukuu. Kamishna hajengwi na jeshi peke yake, hujengwa na nyumba yake pia.

Tuonane mwezi ujao.