Waraka kwa Watumiaji Wote wa Seva ya Idara

YAH: KUPISHANA KWENYE MASHINE YETU

Ndugu wenzangu,

Usiku wa kuamkia Ijumaa, kazi ya mwenzetu iliyokuwa katika siku yake ya nne ilikatika bila kutoa jibu. Haikuwa na kosa. Kumbukumbu ya seva ilijaa, na Linux ikifikia hapo huua kazi mojawapo ili mashine nzima isianguke. Kwa kawaida huiua ile iliyoshika kumbukumbu kubwa kuliko zote, si ile iliyoingia mwisho ikajaza. Aliyejaza ni mimi. Nilipakia data yangu yote kwa mkupuo, nikaenda kulala. Yeye nimeshamwomba radhi. Nanyi nawaandikia ili jambo hili lisijirudie.

Kichakataji ni kama bomba la mtaa: ndoo zikizidi foleni inarefuka, lakini kila mtu atateka. Kumbukumbu ni kama chumba cha gesti: aliyechukua ufunguo amechukua, hata kama hayumo ndani. Basi tuzoee haya:

1. Piga hodi kwanza. Amri ya `top` itakuonyesha nani yumo, na `free -h` itakuonyesha kumbukumbu iliyobaki.

2. Kazi ndefu ianzishwe kwa `nice -n 19`, ngazi ya chini kabisa ya kipaumbele. Mashine ikiwa tupu, kazi yako haipungui kasi. Mwenzako akija, inampisha. Ila `nice` haipunguzi kumbukumbu hata chembe. Dawa yake ni kupakia data kwa mafungu.

3. Kufunga kivinjari si kuzima Jupyter. Daftari uliloliacha tangu juzi bado limeshika ufunguo. Lizime kabla hujaondoka.

4. Mali bila daftari huisha bila habari. Kazi itakayozidi siku moja iandikwe kwenye ubao wa mlangoni: ya nani, na itaisha lini. Ukiona inakukwamisha, mpigie mwenyewe simu, usiiue.

5. Nafasi isipokutosha, sema. Usiazime neno la siri la mtu. Tamaa hii ni ya zamani. Mwaka 1962 huko MIT, Allan Scherr alikuwa na saa 4 kwa wiki kwenye kompyuta ya pamoja. Hazikumtosha, akachapisha faili la maneno ya siri ya wenzake ili atumie muda wao. Sisi hatuna haja ya kufika huko, maana ofisi zetu zinatazamana.

Mwenzetu ameianza upya kazi yake Jumatatu asubuhi, na anahitaji siku tano. Jina lake ndilo la kwanza ubaoni. Mpaka alifute mwenyewe, naomba kazi nyingine kubwa zisubiri. Yangu nimeshaizima.

Wenu,
Mtunza seva