Hii Kachora Nani?



Wiki moja kabla ya sikukuu ya Mt. Karoli Lwanga na wenzake, tuliombwa kuandaa bango la kubandika mlangoni mwa kanisa. Muda ulikuwa mfupi. Tukaiandikia programu ya akili mnemba sentensi mbili, na kabla chai haijapoa tukawa na picha: vijana wenye nyuso zinazong'aa, moto nyuma yao, mbingu ya dhahabu juu yao. Baada ya Misa mama mmoja wa jumuiya alisimama mbele ya bango lile akaliangalia kwa muda mrefu, kisha akatuuliza, "Mafrateri, hii kachora nani?" Tukatazamana. Mmoja wetu akajibu, "Kompyuta, mama." Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Swali lile tulirudi nalo seminarini, na jibu tukaanza kulipata mahali tusipopatarajia: rafu ya chini ya maktaba, penye vitabu vya msaada ambavyo hakuna anayeviazima. Humo mna riwaya za zamani za kisayansi zenye jalada laini, zilizochapwa Marekani kwa ajili ya kuuzwa bei rahisi. Hadithi zake ni za roketi, sayari za mbali na roboti. Wengi wetu tungezipita kama takataka. Lakini majalada yake yalichorwa kwa mkono, na waliochora wana majina.

Tuanze na Frank Kelly Freas. Oktoba 1953 alichora jalada la gazeti la hadithi za kisayansi liitwalo Astounding. Roboti kubwa imembeba mtu kiganjani, damu inamtoka, na uso wa roboti umejaa mshangao na huzuni, kama mtoto aliyevunja kitu na sasa anampelekea baba akitengeneze. Mwaka 1977 bendi ya Queen ya Uingereza ilimwomba aichore upya kwa jalada la albamu yao. Sisi tunaotazama sanamu ya Bikira Maria akiwa na Mwanae mapajani hatuwezi kuiona picha ile bila kukumbuka Pietà. Na huyu Freas, aliyechora roboti na vikaragosi vya gazeti la vichekesho la Mad, aliwachorea Wafransisko mamia ya picha za watakatifu. Mkono ulikuwa mmoja.

Mwingine ni Richard Powers. Kampuni ya Ballantine ilipoanzishwa mwaka 1952, majalada mengi ya aina hii yalikuwa ya roketi, majitu ya kutisha na wasichana wanaopiga kelele. Powers alikataa njia hiyo. Alichora maumbo yasiyo na jina, yanayoelea kwenye ukungu wa rangi, kama mambo ambayo macho bado hayajajifunza kuyaona. Jalada lake la riwaya ya Arthur C. Clarke, Childhood's End, la mwaka 1953, lilimwambia mnunuzi kwamba yajayo ni fumbo. Hilo si jambo dogo kwa kitabu cha senti chache.

Lakini waliotugusa zaidi ni mume na mke, Leo na Diane Dillon. Leo alizaliwa Brooklyn, wazazi wake wakitokea Trinidad. Diane alitokea California. Walikutana chuoni New York wakiwa washindani, kila mmoja akiuonea wivu uwezo wa mwenzake, wakafunga ndoa mwaka 1957. Ndio waliochora jalada la riwaya ya Ursula Le Guin, The Left Hand of Darkness, ya mwaka 1969. Walifanya kazi kwa kupokezana karatasi: mmoja anaanza, mwingine anaendeleza, mpaka haijulikani mstari upi ni wa nani. Walisema kazi hiyo ni ya msanii wa tatu, ambaye si Leo wala Diane. Baadaye walichora kitabu cha watoto kiitwacho Ashanti to Zulu, kinachoonyesha mila za makabila ya Afrika, Wachaga na Wamasai wakiwemo, na kikapata medali ya Caldecott mwaka 1977. Tunaofundishwa kwamba nafsi hukamilika katika uhusiano, hapa tumeona mfano wake katika wino na rangi.

Wapo watakaotupinga, na hoja zao ni nzito. Wa kwanza atasema majalada haya yalikuwa biashara. Ni kweli. Mengi yalichorwa harakaharaka, mengine yalimdhalilisha mwanamke ili yauze, na mara nyingi jina la mchoraji halikuchapwa popote. Hatuyatetei yote.

Wa pili atatushika kwa Mt. Tomaso wa Akwino. Je, hakufundisha kwamba fundi husifiwa kwa ubora wa kazi yake, si kwa nia aliyokuwa nayo? Kama bango ni zuri, aliyelichora ana umuhimu gani? Lakini Tomaso huyohuyo anaihesabu sanaa miongoni mwa fadhila za akili, na fadhila lazima ikae ndani ya mtu. Bango letu la Juni halikumkuza mtu yeyote katika fadhila yoyote. Hata sisi tulioagiza tulibaki kama tulivyokuwa.

Wa tatu atasema wachoraji wa ikoni kwa desturi hawaandiki majina yao. Kweli, lakini mchoraji wa ikoni yupo. Anasali, anafunga, kisha anajificha nyuma ya kazi yake kwa unyenyekevu. Anayejificha ni lazima kwanza awepo.

Tusome tena Kutoka sura ya 31. Mungu anapotaka hema lake lipambwe, hatoi vipimo peke yake. Anamtaja fundi kwa jina, Bezaleli, anamtaja baba yake na kabila lake, kisha anampa msaidizi, Oholiabu. Na Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Barua kwa Wasanii ya mwaka 1999, alieleza wazi kwamba Kanisa linahitaji sanaa. Kanisa linalohitaji sanaa linawahitaji wasanii.

Hatusemi kompyuta itupwe; makala hii imeandikwa kwa kompyuta. Tunasema kwamba picha ya mtakatifu inayowekwa mbele ya waamini wasali itoke kwa mtu anayeweza kuulizwa. Kila parokia ina kijana anayeandika vibao vya maduka au kupamba bajaji. Wa kwetu anaimba besi kwenye kwaya, na mwezi Juni hatukumkumbuka hata kidogo. Tumemwomba radhi. Bango la somo wa parokia atalichora yeye. Ametaja bei ya rangi na ya kazi yake, nasi tumeanza kuchangishana. Tumemwomba jambo moja tu, aandike jina lake chini, pembeni, kwa herufi ambazo yule mama ataweza kuzisoma bila miwani.