Mwenye Kalamu Ndiye Mwenye Mita

Kutoka kwa Fundi wa Msangano, Momba

Uhuru wa bendera tulikwisha kuupata mwaka 1961. Lakini uko utawala mmoja ambao haukuondoka bendera ile iliposhushwa. Umo ndani ya nyumba zetu, umepigiliwa ukutani, unahesabu usiku na mchana. Nausema utawala wa yule achoraye chombo juu ya yule akitumiaye.

Itazameni mita ya LUKU. Mwaka 2024, kabla ya tarehe 24 Novemba, kila mwenye mita hiyo, kuanzia Dar es Salaam hata huku kwetu Msangano, alitakiwa abonyeze namba za tarakimu 20, kundi baada ya kundi, la sivyo mita yake ingekataa umeme atakaonunua baadaye. Watu walibonyeza. Wazee wasioona vizuri waliwaita wajukuu wawasomee. Lakini ni wangapi waliojua kisa chake?

Kisa ni hiki. Mita hizo hufuata mpango wa namba uliobuniwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, wenzetu walipotaka kupeleka umeme katika nyumba nyingi bila kuandikiana ankara. Kila tokeni hugongwa muhuri wa wakati ili isitumike mara mbili. Wakati huo ulikuwa ukihesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na wachoraji waliuwekea nafasi ya hesabu 16,777,216, basi. Walibana nafasi makusudi, ili namba nzima ienee katika tarakimu 20 ambazo mtu aweza kuzibonyeza kwa kidole. Gawanyeni dakika hizo, mtapata miaka 31 na karibu miezi 11. Tarehe 24 Novemba 2024 nafasi ikajaa.

Kwa hiyo siku ile ya kubonyeza ilikwisha kuandikwa tangu mchoro ulipochorwa. Aliyeshika kalamu aliijua. Sisi tulikuwa kwenye foleni ya wanunuzi.

Simlaumu Mwafrika Kusini. Namsifu! Aliiona haja ya watu wake, akakaa kitako, akachora, na mpango wake ukawa kanuni ya kimataifa. Jambo hili na liwafumbe midomo wale wasemao kwamba kubuni vyombo vya umeme ni kazi ya Wazungu na Wajapani peke yao.

Sasa tuje kwenye meza zetu sisi mafundi, ambao kazi yetu imekuwa kuzika vyombo vya wengine. Fungueni chaja au redio iliyokufa. Mara nyingi mtakuta kapasita imevimba kichwa. Kapasita hiyo ni kijipipa kitunzacho umeme, na ndani yake mna majimaji. Majimaji yakikauka, chombo kimekwisha. Kanuni yake inajulikana kwa kila injinia duniani: joto likipanda digri 10, maisha yake hupungua nusu. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 katika digri 85, ikifanya kazi katika digri 55, yaweza kudumu kiasi cha saa 16,000, yaani karibu miezi 22 bila kuzimwa. Iwekeni katika digri 75 na saa zake ni 4,000 tu. Miezi sita haitimii!

Basi Msangano ni bonde, na joto letu si joto la nyanda za juu za Mbozi. Nyumba ni za bati, vumbi ni jingi, umeme hupanda na kushuka, na masika radi haina simile. Chombo kilichochorwa kwa ajili ya sebule yenye ubaridi kitaishi vipi hapa? Na dawa yake si ya miujiza. Ziko kapasita za digri 105, na bei yake imezidi kidogo tu. Lakini mchoraji hakutuuliza, na muuzaji ameokoa senti zake. Mkulima aliyeuza ufuta wake akanunua taa ndiye alipaye, kisha hulipa tena, kisha hulipa tena.

Hapo ndipo linapokuja neno la kuhakiki. Kuhakiki si kubandika lebo. Ni kukitesa chombo kabla hakijamfikia mnunuzi: kukiweka katika joto kwa majuma, kukipandishia umeme na kukishushia, kukitia vumbi, kukiangusha, mpaka kitaje kwa kinywa chake kitakufa kwa ugonjwa gani. Katika kazi ya chipu, kuhakiki hula muda mwingi kuliko kuchora kwenyewe, maana kosa likishachapwa halifutiki. Mwaka 1994 kampuni kubwa ya Intel ya Marekani ilikutwa na kosa dogo la kugawanya hesabu katika chipu yake ya Pentium, na kosa hilo lililazimisha kutenga dola milioni 475. Ikiwa tajiri yule aliumia hivyo kwa kutohakiki vya kutosha, maskini anunuaye bila kuhakiki ataponaje?

Wako watakaosema, "Viwanda tunavyo." Ni kweli, na si vibaya. Miaka ya 1960 na 1970 Matsushita walifanyiza betri na redio za National Dar es Salaam, na Philips wakaunganisha redio Arusha. Ndugu zetu walifanya kazi ile kwa mikono safi. Lakini michoro ilitoka Japani na Uholanzi, na vipande vilikuja kwa meli. Fedha za kigeni zilipoadimika nchini, viwanda vingi vya namna hiyo vilipungukiwa pumzi. Kiwanda kiunganishacho tu ni mtoto anyonyaye ziwa lililo ng'ambo ya bahari. Mama akigeuka, mtoto analia.

Wengine watasema, "Hatuna malighafi." Waje wasimame Tunduma! Shaba ya Zambia na ya Kongo hupita mbele ya macho yetu katika malori, mlolongo hauna mwisho, ikienda bandarini. Shaba hiyo ndiyo mishipa ya kila bodi ya saketi. Na katika mkoa wetu huu wa Songwe, huko Ngualla, kuna madini adimu yafanyayo sumaku za spika na za mota. Leseni maalumu ya kuyachimba ilitolewa mwaka 2023, kwa ubia ambao serikali ina asilimia 16. Shaba inapita ikishuka, na simu na redio zinapita zikipanda, barabara ni ile ile moja. Kinachoongezwa huko ziendako si uchawi. Ni mchoro na uhakiki, na faida yote imekaa hapo.

Na wale wa mwisho watasema, "Kiwanda cha chipu kinataka mabilioni ya dola." Nani aliyekitaka? ARM ya Cambridge imejipatia utajiri kwa kuchora chipu ambazo wengine huzifanyiza. Kuchora bodi kunataka meza, kompyuta, programu ambazo nyingine hutolewa bure, vyombo vya kupimia, na vijana waliofundishwa. Vijana tunao Mbeya, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, mwendo wa saa chache kutoka hapa.

Basi twataka nini? Twataka mambo manne, nayo yako katika uwezo wetu.

Kwanza, Shirika la Viwango lililoundwa mwaka 1975 lipime vyombo vya umeme katika joto na vumbi la nchi hii, na matokeo yatangazwe kwa Kiswahili, kila mnunuzi ayasome.

Pili, serikali inaponunua mita, taa za sola na vyombo vya zahanati kwa fedha ya wananchi, idai na mchoro na orodha ya vipande. Anunuaye ng'ombe hakatazwi kumtazama meno.

Tatu, kila mwanafunzi wa umeme asimalize masomo bila kuchora chombo kimoja, kukifanyiza, na kukileta mashambani kama Msangano kikae mwaka mzima. Kikifa, aje akifungue mwenyewe mbele ya aliyekitumia.

Nne, na hili ni letu mafundi: kila mmoja awe na daftari. Andika chombo gani kimekufa, kipande gani, mwezi gani, baada ya muda gani. Hakuna profesa wa London wala Tokyo ajuaye vyombo vinakufaje katika bonde la Msangano kama unavyojua wewe. Elimu hiyo ni mali, na leo tunaitupa pamoja na kapasita mbovu. Madaftari ya mafundi mia yakikutanishwa, mchoraji wetu atakuwa na kitu ambacho wachoraji wa mbali hawana.

Ndugu mafundi, msione haya kwa mikono yenye risasi na vumbi. Aliyefungua vyombo elfu moja vilivyokufa ana haki ya kukaa mezani pale kinapochorwa kimoja kilicho hai. Mpango wa mita una hesabu mpya sasa, nayo imekwisha kuanza kukimbia, na bado kalamu iko mkononi mwa wengine. Tuichukue!