Kabla Hujalipa Karo

Wasomaji wetu wengi ni wauguzi wa Dallas, Minneapolis na Lowell. Wanatoka zamu ya usiku, wana watoto wa kulea na wazee nyumbani wanaowategemea, na simu zao zimejaa matangazo: kuwa muuguzi tabibu, soma mtandaoni, maliza upesi. Neno "upesi" linavutia, na sababu zake nazijua. Ila toleo hili linaomba jambo moja: usilipe hata dola kabla ya kuuliza ni nani atakayekutafutia mkufunzi wa kliniki.

Ithibati iangaliwe kwanza, na hilo ni la dakika chache. Shule isiyo na ithibati ya CCNE, ACEN au CNEA, achana nayo, maana mtihani wa kitaifa hutaruhusiwa kuufanya. Lakini ithibati zinayo shule nzuri na dhaifu vilevile.

Penye mgonjwa ndipo shule zinapoachana. Vigezo vya kitaifa vya mwaka 2022 vilipandisha kiwango cha chini cha saa za mwanafunzi kuhudumia wagonjwa kutoka 500 hadi 750. Piga hesabu: kwa wiki ya saa 40, hiyo ni chini ya miezi mitano. Afisa tabibu wa Kenya, baada ya miaka 3 ya diploma, hufanya mwaka mzima wa mafunzo kazini. Na huku Marekani, katika majimbo zaidi ya 20, muuguzi tabibu huruhusiwa kupima, kutambua ugonjwa na kuandika dawa bila daktari wa kumsimamia. Saa chache hivyo hazivumilii kupotezwa.

Zinapotezwa namna gani? Shule inapokea karo yote kisha inamwambia mwanafunzi ajitafutie mkufunzi. Anapiga simu miezi kadhaa, wengine wanalipa madalali, na hatimaye anashika yeyote aliyekubali. Anayesomea tiba ya familia anamalizia saa zake kwenye kliniki ya kupunguza unene, hajawahi kumpima mtoto mwenye homa wala mjamzito mwenye shinikizo la damu. Huko ni kumdhulumu mwanafunzi, na zaidi ya hapo, mgonjwa wake wa kwanza.

Basi uliza: ni wangapi mwaka jana walichelewa kuhitimu kwa kukosa mkufunzi? Wangapi walifaulu mtihani mara ya kwanza? Je, mwalimu hufika kliniki kuniona nikimpima mgonjwa? Majibu yaje kwa maandishi, kabla hujatuma malipo ya kushikilia nafasi.