Ukoo wa Huitfeldt: Upanga, Kalamu na Daftari la Kasisi

Apitaye kando ya bahari katika mji wa Copenhagen, mahali paitwapo Langelinie, huona nguzo ndefu ya ukumbusho iliyosimamishwa mwaka 1886. Nguzo hiyo ni ya mwanamaji Ivar Huitfeldt, aliyezaliwa Norwe mwaka 1665. Tarehe 4 Oktoba, 1710, katika vita kati ya Denmark na Uswidi kwenye ghuba ya Køge, merikebu yake ya kivita, Dannebroge, ilishika moto. Yasimuliwa kwamba angaliweza kuikimbiza, lakini upepo ungaliwapelekea moto huo wenziwe waliokuwa karibu. Basi akatia nanga, akaendelea kupiga mizinga mpaka moto ulipoifikia ghala ya baruti. Merikebu ikapasuka vipande vipande. Huitfeldt akafa pamoja na mamia ya mabaharia wake, na walionusurika walikuwa wachache mno.

Ndugu msomaji, nguzo ya namna hii humfanya mtu aulize swali ambalo huulizwa hata katika nyumba zetu, mtoto anapotajiwa jina la babu yake: huyu alikuwa nani, na alitoka kwa nani? Kwa Ivar Huitfeldt jibu hupatikana bila taabu kubwa. Kwa baharia aliyekuwa akivuta kamba za tanga siku ileile, jibu lahitaji uvumilivu mwingi, na pengine halipatikani kabisa. Wote wawili walikufa kwa moto mmoja. Tofauti yao imo katika karatasi, na karatasi hizo ndizo nitakazozizungumza juma hili.

Asili ya ukoo wa Huitfeldt ni makabaila wa Denmark. Enzi hizo Denmark na Norwe zilikuwa chini ya mfalme mmoja, na wakubwa wa Denmark walipelekwa Norwe kushika ngome na kutawala majimbo. Mwaka 1526 Mfalme Frederik wa Kwanza aliwaamuru makabaila wawe na majina ya ukoo ya kudumu, ambayo baba angemrithisha mwanawe na mwana angemrithisha mjukuu. Tangu hapo jina likawa kama kamba: mtafuta nasaba huishika ncha iliyo karibu naye, akaivuta, na wafu hufuatana mmoja nyuma ya mwingine. Akiivuta kamba ya Huitfeldt atamkuta Arild, aliyezaliwa Bergen mwaka 1546, baba yake alipokuwa ameshika madaraka ya ngome ya huko. Arild hakuwa mtu wa vita. Alikuwa chansela wa ufalme na mwandishi mashuhuri wa historia ya Denmark, akafariki mwaka 1609. Nitalirudia jambo hili la kalamu, kwani katika ukoo huu halikuishia kwake.

Sifa ya upanga ililetwa Norwe hasa na Tønne Huitfeldt, baba yake Ivar. Kati ya mwaka 1658 na 1660 majeshi ya Uswidi yaliushambulia mara tatu mji wa Halden, ulio mpakani. Mji huo haukuwa na ngome ya mawe, bali maboma ya haraka haraka tu, na raia walipigana bega kwa bega na askari. Tønne ndiye aliyekuwa kamanda wakati wa kuzingirwa kwa mwisho, ambako kulikoma Mfalme Karl wa Kumi Gustav wa Uswidi alipofariki, Februari 1660. Mwaka uliofuata ikaanza kujengwa ngome ya Fredriksten juu ya kilima cha mji, ngome ileile ambayo mwaka 1718 Mfalme Karl wa Kumi na Mbili wa Uswidi alipigwa risasi mbele yake akafa. Tønne mwenyewe alifariki mwaka 1677, Ivar akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili hivi.

Katika maandishi ya zamani Ivar huyo huitwa pia Iver Tønnesen Huitfeldt. Neno hilo la katikati lina faida kubwa kwa mtafutaji. Maana yake ni mwana wa Tønne, sawasawa na sisi tusemapo Juma bin Ali. Dada yake angeitwa Tønnesdatter, binti Tønne. Watu wa kawaida wa Norwe, yaani wakulima, wavuvi, mabaharia na askari wa miguu, walikuwa na jina hilo tu na pengine jina la shamba walilokaa. Ole mwana wa Hans akizaa mtoto akamwita Peder, mtoto huyo ni Peder Olsen, na mjukuu akiitwa Hans atakuwa Hans Pedersen. Vizazi vitatu, majina matatu. Na mtu akihama shamba, jina la shamba nalo hubadilika. Ni mwaka 1923 tu sheria ilipoitaka kila familia ya Norwe iwe na jina moja la ukoo. Kutoka 1526 hadi 1923 ni miaka 397. Kwa muda wote huo kabaila alikuwa na kamba ya kuvuta, na mkulima alikuwa na vipande vya uzi.

Hata hivyo jeshi lenyewe liliacha njia ya kuwafuata wadogo. Jeshi la Norwe kwa mpango wake wa kudumu lilianzishwa mwaka 1628, chini ya Mfalme Christian wa Nne. Mashamba yaligawanywa katika mafungu, na kila fungu la mashamba manne makubwa lilitakiwa kutoa askari mmoja na kumtunza. Idadi hiyo ilibadilishwa baadaye. Kwa kuwa serikali ilitaka kujua kila askari yuko wapi na anafaa au hafai, iliweka madaftari. Humo huandikwa jina la askari, umri wake, shamba alikotoka, na mara nyingi hata kimo chake. Hakuna aliyeandika hayo kwa mapenzi ya vitukuu vya askari. Yaliandikwa ili asitoroke. Lakini leo mtu aweza kukaa mbele ya ukurasa huo akajua kwamba babu wa babu yake alikuwa mfupi kuliko jirani yake.

Maofisa walipata heshima zaidi. Mtaalamu Olai Ovenstad alikusanya habari za maofisa wote wa jeshi la Norwe kuanzia 1628 hadi 1814, na kazi yake ikachapishwa katika majuzuu mawili mwaka 1948 na 1949. Mwenye babu ofisa hufungua kitabu hicho, akasoma ni lini alipandishwa cheo na alihudumu katika kikosi gani. Kurasa hizo huonyesha pia kwamba wengi wa maofisa wa kwanza hawakuwa wenyeji: walitoka Denmark, Ujerumani, Uholanzi, hata Scotland. Mtu anayejivunia ukoo wa kijeshi wa Norwe asishangae akiivuta kamba ikatokeza nje ya Norwe.

Na akina mama je? Hapa ndipo taabu ilipo. Katika hesabu ya watu iliyofanywa kati ya 1663 na 1666 waliohesabiwa ni wanaume na wavulana, kwa sababu mfalme alitaka kujua askari na walipa kodi. Mwanamke aliandikwa tu ikiwa yeye ndiye aliyelishika shamba, kwa kawaida akiwa mjane. Hesabu ya 1701 nayo ilikuwa ya wanaume. Ni tarehe 1 Februari, 1801 ndipo kwa mara ya kwanza kila mtu katika Norwe, mke kwa mume, mzee kwa mtoto, alipoandikwa kwa jina lake. Walikuwa watu wapatao 883,000. Kwa hiyo nasaba nyingi za kijeshi zina umbo la ajabu: mwanamume amezaa mwanamume aliyezaa mwanamume, kana kwamba kambi imezaa kambi. Ukitaka kumpata mama, liache daftari la jeshi, uende kwenye daftari la kasisi.

Sheria ya Norwe ya mwaka 1687 iliwaagiza makasisi waweke madaftari ya ubatizo, ndoa na maziko. Baadhi walikuwa wameanza mapema zaidi. Daftari la zamani kuliko yote yaliyosalia ni la Andebu, nalo laanzia mwaka 1623. Katika ubatizo huandikwa pia mashahidi wa mtoto, na hao mara nyingi ni wajomba, mashangazi na majirani wa mama. Basi mama ambaye hakutajwa vizuri hujulikana kwa watu waliosimama pamoja naye kanisani. Yako pia maagizo ya mwaka 1812 ambayo mimi nayapenda kuliko sheria zote nilizozitaja. Yaliamuru ziwekwe nakala mbili, moja ya kasisi na moja ya mtumishi wa kanisa, na nakala hizo mbili zisilale usiku chini ya paa moja. Nyumba ya kasisi ikiungua, ubatizo wa watoto wa mtaa mzima usiungue nayo. Aliyeandika amri hiyo alijua moto ni nini.

Kufikia hapo hali ya makabaila ilikuwa karibu kugeuka. Mwaka 1814 Norwe iliachana na Denmark na kujipatia katiba yake, ingawa ilitiwa katika muungano na Uswidi uliodumu mpaka 1905. Bunge jipya likataka kufuta ukabaila. Likapitisha sheria mwaka 1815, mfalme akakataa. Likapitisha tena mwaka 1818, akakataa. Mwaka 1821 likapitisha mara ya tatu, na kwa mujibu wa katiba mfalme hakuweza tena kuizuia. Waliotaka kubaki na heshima hiyo kwa maisha yao walitakiwa kuleta hati za uthibitisho mbele ya Bunge. Hebu fikiria, ndugu msomaji: watu ambao kwa karne tatu hawakuulizwa na mtu yeyote wao ni nani, sasa waombwa vyeti! Ukoo haukuwa tena sifa ya mdomoni, ulikuwa shauri lenye tarehe ya mwisho. Na watoto wao ambao wangezaliwa baadaye hawangepata kitu, hata hati ziwe nzuri namna gani.

Ni katika kizazi kilichofuata ndipo kalamu ya Arild iliporudi. Henrik Jørgen Huitfeldt-Kaas, aliyezaliwa mwaka 1834 na kufariki 1905, hakushika upanga. Alifanya kazi katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, akawa miongoni mwa wahariri wa mkusanyo mkubwa wa hati za kale za Norwe na mjuzi wa nasaba na nembo. Jina lake lina mtego lakini. Ukoo huu una Henrik Jørgen Huitfeldt mwingine, jenerali wa karne ya 18, ambaye nyumba yake ya Elingaard karibu na Fredrikstad ilijengwa upya mwaka 1749 baada ya kuungua. Desturi ya kumpa mtoto jina la babu, ambayo sisi twaijua vizuri, huwachanganya watafutaji wavivu. Anayekimbilia jina bila kutazama mwaka atampachika jenerali kazi ya karani, na karani mizinga ya jenerali.

Wengine wenye jina hilo walikwenda njia zao. Fritz Huitfeldt, aliyezaliwa mwaka 1851, alibuni kifungo cha kushikiza kiatu kwenye ubao wa kuterezea juu ya theluji, na kifungo hicho kikaenea sana. Hartvig Huitfeldt-Kaas alichunguza samaki wa maziwa na mito ya Norwe.

Maofisa wa nchi hiyo, kwa jumla, walikuwa na karne ya amani, kwani baada ya 1814 Norwe haikuingia vitani tena mpaka 1940. Mishahara midogo na cheo kisichopanda viliwafanya baadhi ya maofisa vijana wa Norwe, Uswidi na Denmark waombe kazi ugenini. Mojawapo ya kazi hizo ilikuwa katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kuanzia 1885 hadi 1908. Jeshi la dola hiyo ndilo lililoiteka Nyangwe mwaka 1893, mji wa watu waliosema Kiswahili kama sisi, na ndilo lililowatoza wanakijiji mpira kwa mjeledi na bunduki. Katika mti wa ukoo jambo kama hilo hutoshea mstari mmoja: alihudumu Kongo miaka mitatu. Mjukuu aliyevuta kamba mpaka hapo hana budi kuamua iwapo ataendelea kusoma, au ataruka mstari aende kwenye medali. Kwa maoni yangu anayeruka hatafuti nasaba, anatafuta pambo la ukutani.

Leo sehemu kubwa ya nyaraka hizi, yaani madaftari ya makasisi, hesabu za watu na hati nyingi za jeshi, husomwa bure kwa njia ya intaneti, katika hazina iliyofunguliwa na Hifadhi ya Nyaraka ya Norwe mwaka 1998. Kijukuu cha jenerali na kijukuu cha baharia huingia kwa mlango mmoja, ingawa wa pili atakaa humo muda mrefu zaidi, akihangaika na mwandiko wa kale wa makasisi, ambao hata Wanorwe wenyewe hujifunza kuusoma kama watoto wa darasa la kwanza. Hesabu ya watu hufungwa kwa miaka mia moja ili walio hai wasisumbuliwe. Ile ya 1920 ilifunguliwa Desemba 2020. Ya 1930 itangoja mpaka 2030, na humo familia zilizochagua jina kwa sheria ya 1923 zitajikuta kwa mara ya kwanza zimeandikwa nalo.