Mtamba Mmoja au Kondoo Sita?

Tumepokea barua ya dada yetu mmoja wa Kondoa, nasi tumeisoma zaidi ya mara moja. Yeye na mumewe wameuza alizeti, wakaongeza juu yake fedha za mahari alizokuwa akizitunza tangu alipoolewa, na sasa wanataka kufuga. Mume anataka ng'ombe wa maziwa. Mke anataka kondoo. Walicho nacho kinatosha mtamba mmoja mwenye mimba, au kondoo majike sita na dume lao. Mume hufanya kazi mjini na hurejea nyumbani Ijumaa. "Tuamulieni," anaandika.

Hatuna mamlaka ya kuamua katika nyumba ya watu. Tutasema tunayoyajua.

Ng'ombe wa maziwa ni baraka iliyo wazi. Watoto hunywa, jirani hununua, samadi hurudi shambani. Lakini hubeba mimba miezi tisa, kwa kawaida huzaa ndama mmoja, na akifa umekufa mtaji wote. Ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, huweza kumwangusha ng'ombe wa kisasa katika muda mfupi. Chanjo ipo na dawa ya kuogesha ipo, ila zote zinamhitaji mtu aliye nyumbani. Tena ng'ombe wa bandani hukatiwa majani kila siku, huchotewa maji kila siku, hukamuliwa alfajiri na jioni, iwe Idi au msiba. Shemeji yetu anaposema "tutamtunza", atakayemtunza ni mmoja, na sote tunamjua.

Kondoo hubeba mimba miezi mitano, na pengine huzaa pacha. Akifa mmoja, wengine wapo. Ada ya shule ikidaiwa huuzwa mmoja. Hakuna auzaye paja la ng'ombe akabaki na ng'ombe. Dume naye hupata wanunuzi inapokaribia Idi al-Adh-ha, kwa kuwa kondoo mmoja humtosha mtu na watu wa nyumba yake, ilhali ng'ombe hushirikiwa na watu saba, na hao saba sharti kwanza wapatikane.

Hata hivyo, dada yetu asidhani amekwisha kushinda. Wazee wa Kondoa wanaukumbuka mwaka 1979, mifugo ilipoondolewa katika maeneo yaliyoliwa na makorongo, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973. Baadaye ng'ombe wa maziwa walirejeshwa kwa kufugwa bandani. Kondoo hula majani karibu kabisa na udongo. Wakiachiwa mteremko, watauvua nguo. Katika hesabu za malisho, kondoo kumi huwekwa sawa na ng'ombe mmoja wa kienyeji wa kilo 250, na sita wa leo hawatabaki sita. Nao wanataka uzio, malisho ya zamu, dawa ya minyoo na chanjo ya sotoka.

Kwa nyumba hii, yenye mikono miwili tu kuanzia Jumamosi jioni hadi Ijumaa, sisi tungeanza na kondoo. Wakati huohuo tungepanda matete kwenye matuta ya kuzuia mmomonyoko. Mtamba angekuja majani yakiwa tayari, mnunuzi wa maziwa akiwa amejulikana, na mtu wa kusaidia kukata akiwa amepatikana.

Limebaki jambo ambalo dada yetu amelitaja kwa kupita tu, nalo ndilo lililotufanya tuirudie barua yake: mahari. Mahari ni mali ya mke. Ikiingia katika mtaji, ijulikane imeingiaje: je, ni mkopo kwa mumewe, ni fungu lake katika mifugo, au ameitoa kwa ridhaa yake? Tumewahi kuona zizi zima likihesabiwa kuwa mirathi ya marehemu, mjane akiwa hana hata kipande cha karatasi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Hakuna haya, basi, mume na mke kuketi na kuandikiana mbele ya mashahidi. Wafanye hivyo Ijumaa hii, kabla hawajaenda mnadani. Na mnadani waende wote wawili.